Majiko ya Machungwa na Magoti ya Doña Tencha

Doña Tencha alisimama mlangoni kwake, mkono kiunoni, akatoa masharti. Chakula atakuja kula, lakini ndani ya nyumba ya mgane hatii mguu.

"Watu wa huku unawajua, Eusebio. Nikiingia kwako saa kumi na mbili, saa moja wameshanizalisha."

Basi iwe nje, uani, mbele ya macho ya kila mpita njia. Ila magoti yake hayapatani na baridi ya Januari, kwa hiyo kama huko nje kutakuwa na baridi, asijisumbue kupika.

Sasa hapo mwanamume ufanyeje? Eusebio Carranco alikuwa na miaka sabini na mbili, na kwa miaka miwili mizima alikuwa akijaribu kumwambia huyu mama neno moja tu. Alijaribu kwenye msiba wa mtu, akaona si mahali pake. Alijaribu kanisani, kwenye foleni ya kahawa, padre akamkatiza kumwuliza habari za paa. Mara ya tatu alifika mpaka, "Tencha, mimi naona…" halafu akamalizia kwamba anaona mvua itanyesha. Na mvua yenyewe haikunyesha.

Sasa siku zilikuwa zimemwishia. Leo Ijumaa, na Jumapili asubuhi Tencha anapanda basi kwenda Chicago, siku mbili na usiku wake, kuhamia kwa binti yake moja kwa moja. Hebu fikiria: mwanamke anayelalamikia baridi ya California anakimbilia Chicago! Eusebio alipomwuliza, alijibiwa kwamba Chicago baridi iko nje, ndani ya nyumba kuna watu. Jibu hilo lilimkaa kifuani wiki nzima kama chakula kibaya.

Ufumbuzi aliupata bandani, akitafuta kitu kingine kabisa. Nyuma ya ngazi za kuchumia, chini ya magunia, yalikuwepo majiko ya machungwa, arobaini na ushei, yana kutu lakini mazima: chini tumbo la kujazia dizeli, juu bomba linalofika kifuani mwa mtu, na kifuniko cha kuzimia. Vijana wa sasa wanaokoa machungwa kwa mafeni makubwa na maji. Sisi tuliyaokoa kwa moto. Baridi ya kuua matunda ikishuka, uliwasha majiko katikati ya miti ukakesha nayo mpaka jua litoke. Na hukuwa na haja ya kumwita mtu. Mwenzako akiona mwanga wako juu ya miti alivaa buti akaja, hata kama mlikuwa hamsemeshani. Asiyekuja, hakuna aliyemsalimia mpaka Pasaka.

Kulipokucha, kazi ilibaki ya pua. Moshi wa dizeli huacha masizi kwenye matundu ya pua, meusi tititi, na ukiyapangusa kwa maji unayasambaza mpaka masikioni. Yanatoka kwa mafuta ya kupikia, kitambaa, na mkono wa mtu mwingine, maana pua yako mwenyewe utaionaje? Huku kwetu ilikuwa kazi ya mke. Alimngoja mumewe mlangoni, akamshika kidevu, akampangusa, ndipo akampa kahawa. Jambo la mwanamke kumpangusa pua mwanamume asiye wake halikutokea, na lingetokea lingezungumzwa mpaka leo. Wasio na wake tuliwajua kwa kuwaona mjini saa sita mchana, wanakunywa soda na pua zao nyeusi.

Eusebio alichagua majiko manne yaliyo mazima zaidi. Alishinda kutwa akiyasugua mabomba ndani na nje, akayajaza dizeli, akayapanga pembe nne za meza chini ya mti wa limau. Akapika pozole, ile supu ya mahindi makubwa na nyama ya nguruwe, akaweka kichwa kizima cha nguruwe kwa sababu hakutaka aonekane mchoyo. Akanyoa ndevu. Akavaa shati jeupe ambalo marehemu mkewe, Amparo, alikuwa akimfichia kwa ajili ya harusi za watu.

Tencha alifika saa kumi na mbili kamili, jua limekwisha kuzama, amevaa shali tatu na amebeba mto wake wa kukalia. Alisimama akayatazama majiko yanavyonguruma, ndimi za moto zinachungulia kwenye mabomba.

"We! Haya si majiko ya machungwa?"

"Ndiyo yenyewe."

"Aliyokuwa akiwasha marehemu mume wangu Ramiro na wewe?"

"Haya haya."

"Utatutia masizi, mzee."

"Nimeyasugua. Kaa kwanza, uone."

Tencha akakaa. Akanyoosha miguu taratibu, kwanza mmoja, halafu wa pili, akiyasikiliza magoti yake. Baada ya dakika kumi akavua shali ya kwanza. Eusebio aliihesabu. Ilipovuliwa ya pili, moyo ukaanza kumwenda mbio kama wa kijana.

"Mafuta mengi, Eusebio," alisema Tencha, akiusukuma kwa kijiko utando unaoelea juu ya pozole. "Umechinja zizi zima?"

"Kichwa tu."

"Basi kilikuwa na afya."

Lakini alikula. Alikula akacheka, akasimulia jinsi Ramiro alivyowahi kuunguza kofia ya tajiri wa shamba akasingizia upepo. Jioni ilikuwa tulivu, harufu ya machungwa yaliyoiva inakuja na ile ya dizeli, na uso wa Tencha umepata rangi kwa moto. Eusebio aliona kwamba kama si sasa, basi tena. Akaweka kijiko chini. Akakohoa.

"Tencha," alisema, "mimi naona…"

Taa za gari zikammulika usoni.

Lilikuwa gari la mizigo la Wendell Stubblefield, jirani wa upande wa mfereji, mzee wa miaka themanini na minne mwenye masikio ya urembo tu. Aliteremka amevaa nguo za kulalia zilizochomekwa ndani ya buti, kipimo cha baridi kinaning'inia shingoni, mkononi ameshika kopo lake la zamani la kuwashia moto.

"NIMEUONA MWANGA!" alipiga kelele. "MIAKA THELATHINI, JIRANI! NILIJUA TU SIKU MOJA UTAWASHA! NIMESHAWAPIGIA WOTE SIMU!"

"Wendell, sikiliza…"

"USINISHUKURU!"

Hapo Eusebio angeweza kusema ukweli, na hadithi ingekuwa fupi. Lakini nyuma ya Wendell liliingia gari la pili, na ndani yake alikuwemo Fidencio Ledezma. Huyu Fidencio ni mdogo wa marehemu Ramiro, mtu mwenye shingo ya ng'ombe, aliyeapa kaburini kwa kaka yake kwamba yeye ndiye atakayemwangalia Tencha. Alishuka, akatazama meza, akatazama vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, akatazama shati jeupe.

"Shemeji," alimwambia Tencha polepole. "Hapa kuna nini?"

Tencha alimgeukia Eusebio, akamwachia uwanja. Alikuwa anangoja kusikia, na kila mtu aliona kuwa anangoja.

"Amekuja kusaidia," Eusebio alisema. Ulimi ulijiendea wenyewe. "Baridi inashuka usiku huu. Ya kuua machungwa."

"Kusaidia," alisema Tencha, akaweka kijiko chini.

Nusu saa haikupita, yakawa magari saba. Wazee kumi na mmoja, wenye migongo mibovu, sukari na shinikizo la damu, waliteremka kama watoto waliofunguliwa shule. Walikumbatiana. Walitukanana majina ya utani ya zamani. Walilivamia banda wakayatoa majiko yote yaliyobaki, wakayajaza dizeli ya trekta, wakayapanga mpaka kwenye kuta za nyumba. Eusebio alikuwa akiwakimbilia huku na huku, "Basi jamani, yanatosha, inatosha hiyo," na kila aliyemsikia alimpiga begani akamwambia asiwe na wasiwasi, wapo, hawaendi popote.

"Mbona kipimo kinaonyesha joto tu?" Fidencio aliuliza, akikigeuza kwenye mwanga.

"NDIYO VIZURI!" Wendell alimjibu. "TUMEIWAHI!"

Bahati mbaya majiko yaliyosuguliwa yalikuwa manne. Yale mengine yalikuwa na kutu na viota vya panya vya miaka thelathini, na yalipowashwa yalitapika moshi mweusi, mzito, wa kufumba macho. Moshi ukashuka uani ukakaa juu ya meza. Shati jeupe likawa kijivu. Pozole ikapoa. Tencha alikaa katikati ya yote hayo, mgongo umenyooka, anakohoa ndani ya kitambaa, na kila mzee aliyepita aligusa kofia yake kwa heshima. Mmoja akamwuliza, kwa adabu zote, kama kahawa imeshachemka.

Hilo ndilo lililommaliza. Alisimama. Akachukua shali ya kwanza akajifunga, akachukua ya pili, akabana mto wake kwapani.

"Kumbe nilikuwa naota moto wa machungwa," alimwambia Eusebio. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi mjinga nikadhani nimewashiwa mimi. Kwa heri, Eusebio. Nitakutumia salamu kutoka Chicago."

Akaanza kwenda getini.

Eusebio alimtazama mgongo. Alitazama nyumba yake, dirisha la jikoni lisilo na taa, kiti kimoja kinachoonekana ndani. Alimwogopa Fidencio, ndiyo, na aliogopa kuchekwa, Mungu wangu, aliogopa kuchekwa kuliko kitu chochote. Lakini aliona kwamba ile Jumapili itafika tu, awe amechekwa au hajachekwa.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni majiko! Hakuna baridi!"

"HAKUNA NINI?" aliuliza Wendell.

"Hakuna baridi! Nimedanganya! Machungwa hayana shida yoyote!"

"SASA MAJIKO YA NINI?"

"Ya magoti ya Tencha!"

"YA NANI?"

Eusebio akajaza kifua hewa. Kwa jinsi Wendell alivyo na masikio yake, hapakuwa na namna ya kulisema jambo hili kwa sauti ya chini.

"YA TENCHA!" alinguruma, na mbwa wa upande wa pili wa barabara wakaanza kubweka. "NIMEYAWASHA KWA AJILI YA TENCHA! NAMPENDA! NATAKA ASIENDE CHICAGO! NATAKA ANIOE! YAANI NIMWOE! NATAKA NDANI YA NYUMBA YANGU NAYO KUWE NA WATU!"

Wazee wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine.

"AHAA," alisema Wendell. "SI UNGESEMA MAPEMA."

Fidencio alikuja akitembea taratibu, tochi mkononi. Eusebio akafumba jicho moja, akangoja ngumi.

"Umenivalisha buti," Fidencio alisema. "Umeniacha nibebe madebe ya dizeli na mgongo wangu huu. Yote kwa ajili ya magoti ya shemeji yangu."

"Ndiyo."

"Kwa magoti ya shemeji yangu ningekuja hata bila kudanganywa, mpumbavu wewe." Akavuta kamasi, akageuka upande wa geti. "Shemeji! Mjibu mtu basi. Sisi wengine tumeacha dawa zetu nyumbani."

Tencha alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye komeo. Aligeuka akawatazama wote: wazee kumi na mmoja wamejipanga kwenye moshi, kofia mikononi, kila mmoja na matundu mawili meusi, na wa kumi na mbili amesimama mbele yao na shati lililoharibika, naye pua yake ndiyo nyeusi kuliko zote. Mdomo wa Tencha ukacheza kidogo. Akarudi mezani, akaweka mto kitini, akainamia bakuli lake. Pozole ilikuwa imeganda juu, mafuta meupe, mazito kama ya mshumaa.

"Nilisema mafuta ni mengi," alisema.

Akachukua kitambaa kimoja cha pembetatu, akakizungushia kidoleni, akachota.

"Njoo hapa."

Eusebio akaenda. Tencha alimshika kidevu kwa nguvu, akamgeuzia uso kwenye moto ili aone vizuri.

"Pumua nje," alimwambia. "Sio kwangu, huko! Haya, tulia."

Akampangusa tundu moja, akageuza kitambaa, akachota tena, akampangusa la pili, bila haraka, mbele ya watu wote. Wazee wakaangalia chini. Mmoja akainama akafunga kifuniko cha jiko lililo karibu naye, mwingine akafunga la kwake, ikaendelea hivyo mpaka yakabaki yale manne tu yanawaka. Eusebio alikuwa analia, na Tencha akamwambia aache, masizi yatashuka kwenye shati.

Wendell alichungulia juu ya bega la Fidencio, ameinua pua yake nyeusi hewani.

"NA MIMI JE?"

"Wewe tafuta wa kwako," alisema Tencha, bila kukiachia kidevu.