Jina Chini ya Ukurasa

Mehjabin wa Mymensingh, mji wa Bangladesh, hakuwa mwizi, na ungemwita hivyo angekucheka usoni. Yeye alikuwa akigawa vitabu. Kila Ijumaa alipanda juu ya paa penye mwanga, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, akaandika chini ya kila mmoja "Kazi ya Mehjabin", kisha akakirusha kitabu kwenye kundi la simu lenye wasomaji elfu arobaini. Riwaya aliyoiandika mama yake mdogo, Hasna, aliirusha mara tu ilipotoka, wala hakumficha.

"Nikila embe lako, umelikosa," alimwambia wakati ule. "Nikisoma kitabu chako, bado unacho. Hapa kwetu kitabu kimoja kinasomwa na ukoo mzima. Nani aliwahi kuitwa mwizi?"

Hasna alisema tu, "Kumbe," akaendelea kupara samaki.

Leo Mehjabin aliingia jikoni kwa Hasna amevimba kwa hasira. Kundi jingine lilikuwa limechukua picha zake za riwaya ileile, likafuta jina lake na kuweka lao.

"Mama mdogo, wewe una kalamu kali. Mwandikie kiongozi wao. Watu hawana haya kabisa. Shingo iliniuma mwezi mzima kwa kazi ile."

"Unataka afanye nini?"

"Akiondoe kitabu. Na aniombe radhi mbele ya watu wote."

Hasna akanawa mikono, akaandika kwenye simu bila haraka, akamsomea. "Umechukua jasho la mtu bila kumuuliza. Hukuvunja mlango, ndiyo maana unajiona msafi. Kiondoe kitabu, na uombe radhi mbele ya watu wote."

"Hapo umempata," Mehjabin alisema. "Ngoja nikupe namba yake."

"Ninayo," Hasna akasema, akatuma.

Simu iliyolia ilikuwa mkononi mwa Mehjabin.

Aliisoma barua mara mbili. Aliona aibu, aibu ya kweli, hadi masikio yakamwaka.

"Shingo yako mwezi mmoja," Hasna alisema. "Yangu miaka sita."

Mehjabin akakiondoa kitabu, akamwomba Hasna radhi, watu elfu arobaini wakishuhudia. Kabla chai aliyomiminiwa na Hasna haijapoa, jibu la kwanza likaingia: "Usijali dada, tumekusamehe. Sasa kile kitabu tunakipata wapi?"

Akajibu, "Dukani," na chini yake akaandika jina la Hasna.