Turubai la Shimo la Saruji

Jumamosi mchana, akitoka shambani, Apakuki alikuwa na desturi ya kupita kwenye jengo kuliangalia shimo. Hakuna aliyemtuma. Mafundi walikuwa wameshatawanyika tangu Ijumaa jioni, na shimo limebaki nyuma ya ua peke yake; naye hakupenda kitu alichokabidhiwa kikae peke yake muda mrefu.

Jengo lilikuwa soko jipya la akina mama wanaouza kai, wale kome wa mto Rewa, na kazi ya Apakuki ilikuwa kusimamia zege. Kila gari la zege likishamwaga mzigo, huoshwa mlizamu wake, ule mfereji wa kumwagia, juu ya shimo hilo, na maji yake hayaruhusiwi kwenda popote. Kwa macho ni kama maziwa yaliyotiwa majivu, lakini yanachoma. Mwaka uliopita fundi mmoja alisimama ndani yake na buti lililopasuka, akaona ni maji tu. Jioni ngozi ya mguu ilimenyeka kama ya kiazi kilichochemshwa.

Ndiyo maana shimo lilitandikwa nailoni nzito chini, na juu likafunikwa turubai ili mvua isiingie. Saruji hutuama chini taratibu, kisha gari la kunyonya huja kuyachukua maji yakasafishwe. Ila Ijumaa hiyo walimwaga sakafu yote kwa mkupuo, magari yakaja moja nyuma ya jingine, na shimo likajaa hadi kubaki upana wa kiganja kufika ukingoni. Gari la kunyonya likaharibika njiani. "Litakuja Jumatatu," alisema Vinesh, mkandarasi. "We lifunike tu vizuri." Apakuki akalifunika, akafunga kamba kila kona, akakandamiza kwa mawe.

Sasa alisimama akitazama. Turubai halikuwepo.

Mawe yalikuwa yamepangwa kando kwa adabu. Kamba zilikunjwa vizuri, na mwizi hakunji kamba. Halafu akaona, juu ya kigingi, kichwa cha samaki mkavu kimening'inizwa, kinywa wazi, kinamcheka.

"Semesa," alisema kwa sauti, na kabla hajajizuia, akacheka.

Semesa alikuwa fundi nondo, mtu wa kisiwani, kwa wavuvi, na watu wa kisiwa chake na watu wa mtoni kwao Apakuki walikuwa watani tangu enzi ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia. Mtani huchukua kuku wako, huchukua shati lako kwenye kamba, na wewe unacheka ukingoja zamu yako. Mara ya mwisho zamu ilikuwa ya Apakuki: aliondoka na makasia mawili ya Semesa, akayafanya fito za maharage. Mambo mawili tu mtani hayafanyi. Hakasiriki, na haombi arudishiwe.

Kicheko kikaisha alipoinua macho. Juu ya vilima, upande wa juu wa mto, wingu lilikuwa limeweka kambi, jeusi kama sufuria ya mkaa.

Akachukua karatasi ya kupimia ukali wa maji, akachovya ncha yake kwenye maji ya shimo. Ikageuka zambarau, rangi ya hatari, papo hapo, kama alivyojua itageuka. Akafuata kwa macho njia ambayo maji yangepita: ukingo, mtaro, kijito, halafu kona ya mto penye tope laini.

Kona hiyo ilikuwa imefungwa tangu alipozikwa chifu mzee. Hakuna mwanamke aliyekanyaga, hakuna kome aliyeguswa; ndivyo mto unavyoomboleza. Jumatatu alfajiri kona ingefunguliwa, na akina mama wote wangeingia majini kwa pamoja, maji hadi kifuani, wakitafuta kome kwa vidole vya miguu. Vasemaca, mke wake, alishaushona upya mfuko wake wa wavu mara mbili, ingawa haukuwa umechanika. Kila usiku kabla ya kulala alisema, "Sasa hivi watakuwa wamenenepa hao, Apakuki. Watakuwa kama ngumi."

Samaki maji yakimchoma hukimbia. Kome hana pa kukimbilia. Na mke wake angesimama hapo hapo, miguu mitupu.

Akampigia simu Vinesh, aliyekuwa mjini Lautoka, upande wa pili wa kisiwa kikuu.

"Maduka yameshafungwa," Vinesh alisema baada ya kusikiliza. "Na kesho ni Jumapili, hata msumari huupati. Turubai limekwenda wapi?"

"Limekwenda sherehe."

"Sherehe ya nani?"

"Ya mtani wangu. Mjukuu wake anatimiza mwaka leo."

Vinesh alizaliwa hapa hapa Nausori, babu zake walilima miwa hapa, hakuhitaji kuelezwa mambo ya utani. "Basi Mungu akusaidie, ndugu yangu," akasema. "Pikapu iko hapo, itumie. Fanya unaloweza."

Kwa Semesa hakukuwa mbali kwa pikapu. Apakuki alisikia magitaa kabla hajaiona nyumba, halafu akaliona turubai lake, limetandazwa kutoka mshelisheli hadi nguzo ya jiko, bluu, zuri, halina hata mkunjo. Chini yake walikaa bibi vizee kwenye mikeka, na sufuria za magimbi zikitoa mvuke, na mjukuu mwenyewe, Litia, katikati, amefungwa kitambaa cha magome ya mti kinachomzidi ukubwa, anatafuna kijiko.

"Jamani, pisheni!" Semesa alipiga kelele. Alivaa shati la maua na shada shingoni, jasho likimtiririka. "Amekuja mtu wa matope! Shangazi, mfutieni miguu, asije akaotesha magimbi sebuleni kwangu!"

"Nimesikia harufu ya samaki aliyeoza," Apakuki akajibu, "nikajua sikosei nyumba."

Bibi vizee wakapiga makofi. Mmoja akamsogezea kifuu cha yangona, kile kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni. Akakipokea, akapiga kofi moja kama ilivyo desturi, akanywa, akarudisha.

"Unalionaje paa langu jipya?" Semesa aliuliza, akinyoosha kidole juu. "Nimelipata bei nzuri. Jamaa mmoja mjinga alikuwa kalitandaza juu ya tope lake, eti tope lisipigwe na jua. Watu wa mtoni bwana! Mnalionea huruma hata tope!"

Watu wakacheka. Apakuki naye alicheka, na akilini akawa anapanga jambo moja baada ya jingine, kama kawaida yake. Semesa kazi yake ilikuwa upande wa nguzo. Hajawahi kusimama shimoni. Alidhani ni tope. Hilo halikuwa kosa la mtu mbaya. Kumwambia "nirudishie" ilikuwa ni kumwaibisha mbele ya wageni wake, siku ya mjukuu wake, na kukata kamba ambayo babu zao waliisokota. Na hata angerudishiwa, bibi vizee wote wale wangenyeshewa.

Tone moja likaanguka juu ya turubai. Tap.

Apakuki akazungusha macho uani, polepole. Pembeni ya nyumba, juu ya magogo, yalikuwepo mabati mapya, marefu, yanang'aa, hayajapigwa hata msumari mmoja. Semesa alikuwa ameyakusanya kidogo kidogo, mawili mwezi huu, moja mwezi ujao, kwa ajili ya nyumba ya mama yake Litia.

"Mtani," Apakuki alisema, "mabati hayo yanafanya nini hapo?"

"Yanapumzika."

"Yamepumzika vya kutosha."

Akairudisha pikapu kinyumenyume hadi kwenye magogo, akashuka, akaanza kupakia.

Kwanza wote waligeuka kumtazama. Halafu bibi mmoja akaangua kicheko akashika mbavu. "Mbebeeni! Mbebeeni!" alilia. "Semesa, umekwisha!" Vijana wa kisiwani wakakimbia, wakamsaidia Apakuki kupakia mabati ya mjomba wao, kila moja kwa shangwe, na gitaa likaongeza mwendo. Semesa alisimama mikono kiunoni, kinywa wazi kama yule samaki wake wa kigingini. Alicheka, lakini macho yake yaliyafuata mabati hadi barabarani.

Apakuki alikuwa ameshalaza boriti za mbao juu ya shimo, upande mmoja akiuinua kwa matofali ili maji yateremke, aliposikia nyayo. Semesa alikuja mbio, shada likimpiga kifuani, sulu, ile shuka yake ya kiunoni, ameikunja magotini.

"Mtani, sikiliza," alisema akihema. "Sijakuja kuomba. Nimekuja kuangalia tu yanakokaa. Kuangalia si kuomba."

"Angalia."

Semesa akasogea. Akayaona maji, meupe, yametulia, yamekaribia ukingo, na matone ya kwanza yakiyatoboa. Akachuchumaa, akanyoosha kidole.

"Usiguse!" Apakuki akamshika mkono.

"Si tope?"

"Ni maji ya saruji. Fundi aliyekalia kiti wiki tatu mwaka jana, mguu umefungwa bandeji, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Ni haya."

Semesa akatazama maji, akatazama mtaro, akatazama ulikokwenda mtaro. Alikuwa mtu wa baharini; kusoma maji yatakwenda wapi hakuhitaji kufundishwa. Uso wake ukabadilika.

"Jumatatu," alisema.

"Jumatatu."

"Shemeji Vasemaca."

Apakuki akamrushia glavu. Semesa akavua shada, akalitundika kwenye kigingi juu ya kichwa cha samaki, akashika bati la kwanza.

Walifanya kazi mbio mbio. Bati juu ya bati, kila moja likimkanyaga mwenzake ukingo, kama paa la nyumba iliyolala chini. Mvua ikaanza kweli kweli, ile mvua ya Nausori isiyobisha hodi. Maji ya uwanja nayo yakaanza kutafuta shimo, kwa hiyo Semesa akachukua koleo, akapandisha tuta la udongo kuzunguka, akilipigapiga kwa mgongo wa koleo, shati la maua limemganda mwilini. Upande mmoja tuta likabomoka. Akalala juu yake kwa kifua hadi Apakuki alipoleta mifuko ya mchanga.

"Ungeniambia," Semesa alisema hapo alipolala, tope hadi kidevuni. "Pale nyumbani. Ungesema neno moja."

"Ningesemaje? Mtani haombwi."

"Kweli." Akatema tope. "Lakini mimi nisingefunika bibi vizee kwa turubai linalozuia sumu isiingie mtoni. Mimi ni mjinga, Apakuki, ila si mjinga wa kiasi hicho."

"Najua."

"Unajua?"

"Mjinga asingekunja kamba."

Semesa akacheka, tope likamwingia kinywani, akakohoa, akacheka tena. Apakuki akamnyooshea mkono, akamvuta juu.

Mvua ilinyesha hadi giza lilipoingia, ikapumzika, ikarudi. Apakuki hakwenda nyumbani. Semesa alirudi kwenye sherehe, lakini kila mvua ilipozidi alitokea shimoni na tochi, safari moja na magimbi kwenye jani la mgomba, safari nyingine na nyama iliyofukiwa kwenye mawe ya moto, akisema alikuja kuangalia mabati yake tu. Kila mara Apakuki alishuka mtaroni na karatasi ya kupimia, Semesa akimmulikia. Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka kwenye mabati, yakimwagika nje ya tuta, yakienda zake. Karatasi ilibaki na rangi ya majani machanga.

"Hiyo nzuri?" Semesa aliuliza kila mara.

"Nzuri."

"Ilete tena niione."

Jumatatu alfajiri, baada ya wazee kusema maneno yao, akina mama waliingia mtoni kwa pamoja, magauni yakivimba juu ya maji, kelele zao zikafika hadi kwenye jengo. Apakuki na Semesa walikuwa huko, wamesimama kando ya shimo, gari la kunyonya likinguruma na bomba lake likifyonza maji meupe hadi ikabaki saruji iliyotuama, imeshikana kama keki. Maduka yalipofunguliwa, Vinesh alikuja na maturubai mawili mapya. Akamtazama Semesa. "Moja la shimo," alisema, "na moja la kuibiwa."

Mabati yalipoondolewa, yalikuwa na alama nyeupe chini, madoa na michirizi, mahali maji ya saruji yalipoyarukia. Apakuki akatoa brashi na ndoo.

"Acha," Semesa akamwambia. "Suuza tu. Madoa yabaki. Litia akikua akilala chali, atauliza ni nini, nitamwambia ni ramani ya nchi ya wajinga wa mtoni."

Saa nne Vasemaca alipanda kutoka mtoni, maji yakimchuruzika, mfuko wa wavu begani umeinama kwa uzito. Akautua miguuni pa mumewe. Miguu yake ilikuwa mitupu, na mizima, na tope jeusi kati ya vidole. Apakuki aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unatazama nini?" Vasemaca aliuliza. "Tazama kome! Nilikuambia. Kama ngumi!"

Kabla Apakuki hajajibu, Semesa alishajaza kofia yake ya kazi, akachagua wale wakubwa mmoja mmoja, akageuka akaondoka zake akipiga mluzi.

"Shemeji!" Vasemaca alipiga kelele. "Shemeji, hao ni wa kuuza!"

"Usimwombe, tungoje zamu yetu," Apakuki alisema, akiinama kumfungia mfuko. "Juzi nimeona ana sufuria moja kubwa mpya."