Kitanda cha Mzee Faraj

Jumanne asubuhi Bi Alawiya alikuwa amekaa kizingitini akisugua sufuria la pilau kwa kumbi la nazi, nyumba yake ikageuka. Akageuka nayo, sufuria mapajani. Mlango uliokuwa ukiitazama barabara sasa uliutazama ukuta wa choo cha jirani. Mafiga yalibaki yalipokuwa, kwa sababu yalikaa chini, juu ya ardhi. Bi Alawiya, ambaye kazi yake ni kukodisha masufuria ya harusi, alizunguka nyumba akayafuata.

Njia panda alisimama Ronny, kijana wa bara aliyeajiriwa na wakala wa mwenye ardhi kuorodhesha nyumba. Alikuwa na tableti yenye picha ya mtaa mzima, iliyopigwa kutoka angani. Kila alipoilaza tableti kwa ubavu, picha ilijizungusha, na nyumba za Mtopanga zikajizungusha pamoja nayo. Si zote. Duka la Amir la vifaa vya ujenzi halikutikisika, maana Amir ana hati ya kiwanja chake. Msikiti na makaburi yaliyo ubavuni mwake havikutikisika pia, maana ile ni ardhi ya wakfu. Zilizogeuka ni zile ambazo mtu ana kuta na mabati yake, na chini ya kuta ni ardhi ya tajiri ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumtia machoni. Yaani karibu mtaa wote. Watu walitoka, wakaangalia mlango umeelekea wapi, wakaenda kazini kwa njia nyingine.

Bi Alawiya naye asingejali. Mwanamke aliyezika mume na kusomesha wanawe kwa masufuria hababaiki kwa mlango. Lakini ndani alilala baba yake, Mzee Faraj, aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake na sasa hawezi hata kuinua kikombe. Alisali kwa kupepesa macho. Duniani alikuwa amebakiza haja moja tu, afe uso wake umeelekea kibla.

"Alawiya."

"Abee, baba."

"Sasa natazama wapi?"

"Baharini, baba. Ngoja kidogo."

Akajifunga kibwebwe, akakizungusha kitanda cha mvule peke yake. Hajafuta jasho, Ronny akaisimamisha tableti, nyumba ikarudi, na kitanda kikawa upogo tena. Akakizungusha tena. Alikwenda hivyo siku ile yote na siku zilizofuata, na masufuria ya watu yalifika harusini yanang'aa vile vile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mwanamke huyu alijua kila ufa wa kitanda asichokilalia. Mtu ampe haki yake: mtaa mzima haukuwa na mwenye moyo kama ule.

Ijumaa alasiri pumzi za mzee zikaanza kupishana. Bi Alawiya akatoka.

"Shikamoo, mama," Ronny alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo picha yako izuie, isizunguke."

"Hii kitu lazima nilaze ndio mtaa iingie yote. Hata kwangu inageuka, mama. Jana nimetafuta mlango ya chumba mpaka nikachoka."

"Babangu yuwakata roho, Ronny."

Ronny akaitazama tableti. "Sijui inazimiwa wapi."

"Isimamishe, kisha nipe."

Nyumba zikarudi, mlango wake ukatazama barabara. Bi Alawiya ana mjukuu, Salsabil, apendaye kutazama katuni kwenye simu akiwa amelala ubavu, na katuni zikijigeuza huangua kilio mpaka bibi yake azizuie. Basi Bi Alawiya akafuta mikono kwenye kanga, akateremsha kidole kutoka juu ya kioo. Vialama vikashuka. Akagusa chenye mishale inayozunguka, kikageuka kufuli.

"Haya, ilaze."

Ronny akailaza. Picha ikatulia, na Mtopanga ikatulia. Kijana akainamisha shingo ubavuni ili asome, akaendelea na kazi yake hivyo hivyo, shingo upande, bila kinyongo. Naye anastahili sifa.

Bi Alawiya akaingia ndani, akakizungusha kitanda kwa mara ya mwisho.

"Natazama wapi?"

"Kibla, baba."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akafa kabla ya adhana ya magharibi. Kesho yake alizikwa makaburini pale msikitini, kwa ubavu wa kulia, na pilau la hitima lilipikwa kwa masufuria ya binti yake.

Baadaye mwenye ardhi alinunua tableti mpya, na tableti mpya hutoka dukani ikiwa imewashwa kujizungusha. Safari hii hakupewa Ronny. Aliishika wakala mwenyewe, ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akailaza upande wa pili.

Bi Alawiya alikuwa kizingitini, sufuria mapajani. Nyumba ikageuka, na mlango ukaja kutulia ukiyatazama makaburi. Majirani wote walikuwa wakizunguka na kuta zao. Kaburi la Mzee Faraj halikusogea hata unywele. Alizaliwa Mtopanga, akajenga Mtopanga, na ile ndiyo ardhi ya kwanza kuipata.

Bi Alawiya akamwombea dua. Kisha akainuka, akalibeba sufuria, akazunguka nyumba kuyafuata mafiga.