Maoni ya Mwanaarusi Kuhusu Jumba la Marumaru

Saa kumi na moja jioni ilipokaribia, Mwanaarusi alitandika jamvi sebuleni, akaondoa kitambaa cha fuma kilichofunika televisheni, kisha akatoka uani kugeuza mlingoti wa antena uelekee upande wa Malindi. Ukielekezwa Hola, watu wote kwenye televisheni walitokea na nyuso za kijani. Aliporudi ndani majirani walikuwa wameshaanza kuingia. Rebecca, muuza samaki wa kukaanga hapo sokoni Garsen, aliketi karibu na mlango kama kawaida yake, apate kuchungulia wateja wakipita.

Mwanaarusi hakuwa mtu wa kutazama tu na kunyamaza. Alikuwa na maoni, na mtaa mzima uliyaheshimu. Filamu za Kihindi alizipenda, ila alisema zinamtesa mtu bure: kofi lapigwa mara moja, halafu aonyeshwe nyuso za ukoo mzima mmoja mmoja, na shangazi arudiwe. Filamu za Kizungu za mabomu alizidharau, kwa sababu mtu anayelipua jengo na kuondoka bila kugeuka hajui kama amelipua lile alilokusudia, na huo si ushujaa bali uzembe. Vichekesho vya Nairobi vilimchosha, maana waigizaji wake walipiga kelele kana kwamba watazamaji wako ng'ambo ya mto. Tamthilia za Kifilipino alizivumilia. Mtoto akibadilishwa hospitalini, yeye alimtambua siku hiyo hiyo kwa masikio yake, akabaki miezi mitatu akiwangoja wenyewe wagundue.

Lakini Jumba la Marumaru, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, hiyo aliiweka mahali pake peke yake. Aliisifu hasa kwa ajili ya Selvinaz, mke wa tajiri Demirkan. Alisema mwanamke yule analia kama watu wanavyolia kweli, kwa pua, si kwa tone moja shavuni.

Jioni hiyo Demirkan alikuwa amempiga Selvinaz na kumfungia chumbani. Selvinaz akatoroka kwa mlango wa jikoni, theluji ikimwangukia, akaenda hadi nyumba ya shangazi yake akapiga hodi. Hakuna aliyejibu. Akapiga ya pili, na taa ya ndani ikazimwa. Sasa, mtu aliyelelewa Kipini kama Mwanaarusi hawezi kusikia hodi mbili zikipita bila jibu, hata ziwe za nani. Alikuwa akimimina chai, wala hakuinua kichwa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu ndani."

Selvinaz aligeuka akatazama upande wao. Kipindi kikaisha hapo. Kabla chai haijapoa, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kijivu, theluji ikimyeyukia mabegani na kudondoka kwenye saruji. Alivua viatu nje kabla ya kuingia, jambo ambalo Mwanaarusi alilisifu.

"Sina pa kwenda," akasema. Midomo yake ilimaliza kwanza, kisha Kiswahili kikafuata nyuma. Wote walikuwa wameshamzoea hivyo, kwa hiyo walimngojea.

"Hapa ni pako," Mwanaarusi akamwambia. "Ukishaambiwa karibu umeambiwa."

"Maneno baadaye, kwanza akule," alisema Rebecca. "Huyu ako na njaa. Muone macho."

Walimpa samaki na ugali, wakampa leso za kubadilisha, na Mwanaarusi akamtandikia kitanda cha Nuriya, binti yake wa pekee, ambaye alikuwa ameolewa Minjila na kijana muuza vipuri vya pikipiki aitwaye Adnan. Chumba kilikuwa kitupu tangu arusi. Kesho yake akaja Fumo, kaka mkubwa wa Mwanaarusi, aliyekuwa msemaji wa familia tangu shemeji yake, mume wa Mwanaarusi, alipofariki. Aliuliza jambo moja tu, kama mwanamke huyu ana ndugu wa kumsemea. Akaambiwa hana.

"Basi ni wetu," akasema, akaomba kahawa.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Nuriya akaja. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na mkono wa kushoto ameuficha ndani ya buibui. Hakupiga hodi. Nani hupiga hodi kwao? Na kwa kuwa hakupiga, hapakuwa na mtu wa kumwambia karibu. Aliingia tu, akasimama katikati ya sebule.

"Mama, nimerudi."

"Umekuja kututembelea?"

"Nimerudi. Nataka kukaa hapa."

"Amefanya nini tena?"

Nuriya akautoa mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi. Mwanaarusi alishikwa na uchungu hasa, uchungu wa mama, akaenda mbio kuchemsha maji ya chumvi. Alimkanda taratibu, akampulizia, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Kisha, akiwa bado ameushika mkono ule ule, akaanza kusema yale ambayo husemwa. Kwamba ndoa bado changa. Kwamba Adnan ana hasira za karibu lakini moyo wake si mbaya. Kwamba avumilie, akizaa mambo yatatulia.

Selvinaz alitokea chumbani amejifunga leso, akatoa salamu. Nuriya alimtazama, akaitazama na leso. Ilikuwa yake.

"Mama, huyu si Selvinaz?"

"Ndiye. Mumewe ampiga, masikini. Amekimbilia kwetu."

"Na mimi?"

"Wewe wataka kuvunja nyumba yako?"

"Na yeye si amevunja yake?"

"Yake ni ya kwenye tamthilia," alisema Mwanaarusi.

Aliposema hivyo aliona amesema jambo la maana, lakini alipoutafuta umaana wake hakuupata. Aliutafuta jioni nzima. Hata kipindi kilipoanza alikuwa bado anautafuta, akatia chumvi kwenye birika la chai, na majirani wakainywa kwa adabu. Usiku ule Nuriya alilala kwenye jamvi la sebuleni, maana kitanda kilikuwa na mgeni, na mgeni hahamishwi.

Jumamosi walimrudisha. Kwao Mwanaarusi mke aliyekimbia harudi peke yake wala mikono mitupu. Hupelekwa na mjomba, na mamake humpikia mume mkate wa kumimina, ili asuluhishwe akiwa na kitu kitamu kinywani. Mwanaarusi alisaga mchele, akakamua nazi, akaupika mkate ukatoka mzuri, wa kahawia juu, laini ndani. Selvinaz alimsaidia kupepea makaa. Walipoondoka alisimama kizingitini akawa anasema, midomo yake ikaenda kwa muda mrefu sana, macho kwa Nuriya. Wote wakangoja Kiswahili kifuate. Kilipofika kilikuwa kifupi tu.

"Kwaheri, dada."

Adnan aliwapokea vizuri. Alimbusu Fumo mkono, akatuma watu wakalete soda, akakata mkate akausifu. Fumo alimwambia, "Tumekuletea mkeo, mtunze," na Adnan akajibu, "Inshallah, mjomba." Ikasomwa Fatiha. Nuriya alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mkono wake ndani ya buibui, na Mwanaarusi alipoaga hakujua ashike mkono upi.

Jumatatu Demirkan akaja Garsen kumtafuta mkewe. Alikuja na gari jeusi lililokuwa limeshageuka la vumbi, tai shingoni, na walinzi wawili waliokuwa wakitokwa na jasho ndani ya suti. Hakuna aliyemwambia kitu. Wauza matunda hawakumwona Selvinaz, wauza mitumba hawakumwona, na mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka kumsuka nywele asubuhi ile aliapa kwamba hata jina hajawahi kulisikia. Vijana wa bodaboda walimwelekeza Bura, na alipofika Bura akaelekezwa Hola. Alirudi jioni na matope hadi magotini, akaja moja kwa moja kwa Mwanaarusi.

Alimkuta Fumo amesimama mlangoni, na nyuma ya Fumo mtaa mzima.

"Bwana," alisema Fumo, "sisi hapa hatumrudishi mwanamke kwa mtu anayempiga. Hata siku moja."

Rebecca alipiga vigelegele. Wazee wakatikisa vichwa kwamba Fumo amenena. Demirkan aliwatazama, akarudi kwenye gari lake, na jioni hiyo hiyo alionekana kwenye televisheni akifuta viatu kwenye ngazi za marumaru. Mwanaarusi alijivunia kaka yake. Lakini ndani ya fahari hiyo kulikuwa na kitu kilichomkwaruza, kama chembe ya mchanga kwenye wali, na kila alipotaka kukitema alikikosa. Alimuuliza Rebecca kama naye anakisikia. Rebecca alisema labda ni joto.

Bila Selvinaz tamthilia ilianza kudorora. Demirkan alitembea vyumbani akifungua na kufunga makabati, watumishi wakafuta vumbi lile lile siku baada ya siku. Mwanaarusi alisema hadithi imekatika miguu, na kwamba waandishi wangekuwa na akili wangeimaliza kwa heshima. Inaonekana maoni yake yalifika. Wiki iliyofuata, bila tangazo lolote, saa ile ile kikaja kipindi kipya.

Kilianza na jiko la mafuta ya taa, sufuria iliyokatika mkono, na mitungi ya maji ya plastiki imepangwa ukutani. Dirishani ilionekana barabara ya Minjila na malori yanayokwenda Lamu. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Nuriya, akawasha jiko kwa mkono wa kulia.

"Ni Nuriya," alisema Rebecca.

"Ndiye," alisema Mwanaarusi.

"Amekonda."

"Televisheni hunenepesha watu. Ukimwona amekonda humo, basi amekonda sana."

Watu walikipenda kipindi kile kupita Jumba la Marumaru. Hakikuwa na muziki, na Mwanaarusi aliona hilo ni jambo jema, kwani muziki humwambia mtu alie kabla hajawa tayari. Waliona Adnan akirudi kutoka dukani. Waliona yale aliyoyafanya akirudi, jikoni, mbele ya dirisha, na siku nyingine waliona aliyoyafanya kwa sababu chai imepoa. Walilia kwa pua. Sebule haikutosha tena, watu wakatazamia dirishani, na hata Fumo, aliyekuwa akisema tamthilia ni mambo ya wanawake, akawa anakuja na kiti chake.

"Huyu binti hana watu?" aliuliza siku moja kwa hasira.

Hakujibiwa, maana kipindi kilikuwa kimefika penyewe. Safari ya bodaboda kutoka Garsen hadi Minjila ni fupi kuliko kipindi kile.

"Si aondoke!" walikuwa wakisema. "Dada, toka! Mlango huo hapo!" Mwanaarusi ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakufahamu ni kwa nini tamthilia hii imchanganye hivi, yeye aliyeona tamthilia nyingi. Alilala vibaya, aliamka vibaya. Aliosha sahani ambazo alikuwa ameshaziosha.

Alhamisi moja Adnan alitoka akamfungia Nuriya kwa nje. Sebule nzima ilisikia kufuli likibana. Selvinaz, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na wasichana, aliinuka akajifunga leso kiunoni.

"Twendeni tukamchukue," akasema.

Watu waligeuka wakamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni asiyejua mambo ya mahali.

"Keti, mwanangu," alisema Mwanaarusi. "Ngoja kwanza kiishe."

Selvinaz hakuketi, ila pia hakujua njia. Kwenye televisheni Nuriya alikaa chini, mgongo kwenye mitungi ya maji. Alitoa simu kifuani akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Simu ya Mwanaarusi ikalia pale kwenye jamvi, kando ya kikombe. Aliichukua bila kuondoa macho kwenye kipindi.

"Mama," ilisema sauti ya Nuriya.

"Mwanangu, nitakupigia. Tuko katikati ya kipindi, na kimefika pabaya."

Akakata. Kwenye televisheni Nuriya aliitazama simu kwa muda, akaiweka sakafuni kifudifudi. Mwanamke mmoja dirishani alianza kulia.

"Hapa sasa wameharibu," alisema Mwanaarusi. "Huyo mama wamemwandika vibaya. Mama mzazi hawezi kumwambia mwanawe maneno yale."

Rebecca alisema ni kweli. Fumo alisema ni kweli kabisa, na kwamba watu kama hao hawako. Matangazo yakaingia, ya sabuni na ya mbolea. Mwanaarusi aliinuka kwenda kuongeza chai, akafika katikati ya sebule, akasimama hapo na birika mkononi, akijaribu kukumbuka alikuwa ameinukia nini.