Shingo ya Dari

Fundi rangi asiyeumwa shingo huyo ni fundi wa kuta tu, hajawahi kupewa dari. Ndivyo walivyokuwa wanasema pale kwenye jengo, ghorofa ya tatu, vyumba kumi na vinne vyote vinasubiri kupakwa juu. Ukishinda siku nne unatazama juu na rola mkononi, ya tano unaamka shingo imekauka kama ubao. Basi mnavutana. Mmoja anakaa kwenye ndoo, mwenzake anamshika kidevu na kisogo, anazungusha polepole, halafu ghafla, kah! Shingo inalia, watu wanacheka, kazi inaendelea.

Bingwa wa kuvuta alikuwa Brashi. Kwa hiyo asubuhi ile mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii, alipokaa kwenye ndoo, Brashi hakujiuliza mara mbili.

"Leo imekaza kweli, shemeji. Dada alikulaza sakafuni?"

"Dada yako na mto wake mgumu kama tofali! Vuta bwana, acha maneno."

Akavuta. Ikalia. Ila safari hii shemeji hakucheka. Alitoa sauti ndogo, kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango, akang'ang'ania ndoo kwa mikono miwili.

Saa nne akashuka kwenye jukwaa, akatapika kwenye mfuko mtupu wa saruji. Akaenda kujilaza chumba cha mwisho, turubai usoni, anasema mwanga wa dirisha unamchoma.

Brashi akawaza. Nimemvunja. Nimevunja shingo ya mume wa dada, baba wa watoto wawili, na watu sita walikuwa pale wanacheka. Akajiambia shemeji atatulia tu. Akapanda ngazi, akapaka kipande kilekile mara tatu.

"Brashi, hiyo dari unaipaka au unaibembeleza?"

"Anamuwazia shemeji yake. Si kalala vibaya tu!"

"Simu ile. Usiku kucha kainamia simu kama kuku anadonoa."

"Kapigwa na upepo, mimi nimeshasema. Unaoga jioni unakaa dirishani, utapona?"

Kila mtu daktari. Na Brashi akawa anaomba mmoja wao awe anasema kweli.

Saa saba akashindwa. Akaenda kule, akafunua turubai, akaweka kiganja kwenye paji la uso. Likawa linawaka kama sufuria. Hapo ndipo jambo likamjia: shingo ya dari inakataa kutazama juu. Kuinama unainama vizuri tu, tena ndiyo nafuu yenyewe.

"Shemeji, hebu gusa kifua kwa kidevu."

Akajaribu. Kichwa hakikushuka hata kidogo.

"Siwezi. Waambie wazime hiyo taa, shemeji."

Jengo lile umeme ulikuwa haujafika. Brashi akapiga kelele za kuita watu.

Walimbeba kwa turubai lilelile hadi kwenye gari la mchanga. Msimamizi akapanda nao. "Habari za kuvutana shingo zisifike huko," akanong'ona. "Mtafungisha kazi yote hii."

Hospitali, daktari mwenyewe alikuwa mama mfupi, hana mbwembwe. "Kaanguka? Kuna mtu kamkanda, kamvuta shingo?"

"Hapana dokta," msimamizi akawahi. "Kalala vibaya."

Brashi aliona jela akilini, akamwona dada.

"Mimi," akasema. "Nilimzungusha asubuhi, ikalia. Nimemvunja, dokta."

Daktari hakupiga kelele. "Jana alilalamika kichwa?"

Jana? Jana shemeji aliondoka mapema, kajifunga kitambaa kichwani, wakamcheka. "Ndiyo."

"Basi ugonjwa umekutangulia. Nadhani ni homa ya uti wa mgongo. Dawa inaingia sasa hivi, hatungoji majibu. Na kwa sababu umesema, hakuna atakayemgeuza mpaka shingo ipigwe picha. Ila zile saa tatu mlizokaa mkisema kalala vibaya, hizo sina dawa yake."

Dada akafika na kandambili zisizofanana. "Mdogo wangu, kimempata nini?"

Brashi akamweleza yote, hata dari aliyoipaka mara tatu.

"Yaani tangu saa nne ulijua hayuko sawa."

"Nilijua."

"Ukarudi kupaka."

"Niliogopa, dada."

Dada akakaa, akaacha kiti kimoja wazi katikati yao.

Muuguzi akatoka. "Picha inasema shingo ni nzima. Homa ndiyo bado, na siwezi kuwadanganya, ni kali. Mke wake aingie. Wewe uliyeshinda naye, meza hii ya kinga kwanza, ugonjwa huu unaambukiza."

Akatia kidonge mdomoni, akagugumia maji, nusu ikaishia kwenye shati. Nyuma ya pazia dada alikuwa anaita, "Baba watoto." Kimya. "Baba watoto!" Kimya tena. Brashi akasimama na kidonge kingali mdomoni, hamezi, hatemi.

Mara ya tatu, kikasikika kitu kama "mm."

Ndipo akameza.