Kurasa Sita kwa Siku

Siku niliyoandika jinsi kaka yangu alivyofia njiani, sikuhisi kitu. Niliweka nukta, nikafungua ukurasa mwingine, kama mtu anayeandika orodha ya sukari na majani ya chai.

Mama ndiye aliyenisimulia safari ile: kutoka Garbatulla hadi Isiolo kwa miguu, mifugo imekwisha, mimi mgongoni. Alifariki mwaka wa themanini na moja, nikiwa ndio nimejua kuandika, kwenye masomo ya ngumbaru ya jioni. Nikajiapia: kurasa sita kila siku, kabla sauti yake haijanitoka. Nilifika daftari la tano bila kukosa hata siku moja. Sasa sauti ilikuwa imenyamaza. Kilichobaki ni mkono unaotembea.

Jumatatu moja nilimfunga mtoto mgongoni, nikabeba madaftari yote nimpelekee Roble wa dukani. Karatasi za kufungia sukari hakosi kuzitaka.

Mlangoni pa ploti aliketi jirani yangu Gumato, akisuka gorfa, chombo cha maziwa cha harusi ya binti yake.

"Salaam aleikum, Mama Kanchoro. Unahama na madaftari?"

"Aleikum salaam. Yanaenda kwa Roble. Afungie sukari."

"Wee! Mama yako aingie nyumba za watu na robo kilo?"

Sikucheka. Nilimwambia tu kwamba siku hizi naandika na sisikii chochote.

"Kwa siku unaandika mpaka wapi?"

"Mpaka niliyo nayo yaishe."

"Aa, ndiyo maana." Akaninyooshea gorfa. "Hii nina mwezi wa saba nayo. Uzi ukianza kukauka mkononi, naacha. Na siachi mzunguko ukiwa umekamilika. Naacha katikati, uzi unaning'inia. Kesho mkono unajua pa kuingilia. Wewe unafunga kila kitu leo. Kesho utaingilia wapi?"

Nilirudi ndani na madaftari yangu.

Siku nane sikuandika. Ya tisa niliandika nusu ukurasa. Mama amefika kwenye laga, ule mto wa msimu, maji yamejaa. Mwenye ngamia anamwambia, "Nipe huyo mtoto nimvushe." Mama anamtazama, anasema

Hapo nikafunika kalamu.

Baadaye nilikuwa nafua nepi, mikono kwenye povu, nikamsikia Mama. Kwa ukali wake uleule, na kile kikohozi kidogo mbele ya jibu. Nikasimama.

Kisha nikaendelea kufua. Atangoja mpaka kesho.