Msichana Aliyekua Siku za Jumamosi

Darasa letu la uandishi lilianza mwezi wa tatu mwaka wa 1996, katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, pale Nkubu. Dirisha moja halikuwa na kioo. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia ndani taratibu, ukatanda juu ya madawati, na sauti ya mtu anayesoma ilisikika kama inatoka mbali kuliko pale alipoketi.

Mwalimu wetu aliitwa Runji. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili na aliishi Kianjokoma, upande wa Embu. Kila Jumamosi alikuja kutufundisha bila malipo, akiwa amebeba chaki yake mwenyewe mfukoni. Siku ya kwanza alituambia, "Kabla hatujaandika neno hata moja, kila mtu aniambie kilichomleta hapa."

Halima ndiye aliyeanza. Alikuwa binti wa mchinjaji wa Majengo, Meru mjini, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. "Nataka kusikia jina langu redioni," akasema. "Mtangazaji aseme, 'Mtunzi wa mchezo huu ni Halima Rajabu.' Basi, hata nikisikia mara moja tu."

Misheck, polisi mstaafu, alisema mkewe alikuwa amechoka kusikiliza hadithi zake, kwa hiyo alitafuta watu wapya. Mimi, Kiogora, karani wa ofisi ya ardhi, nilisema naipenda lugha. Huo ulikuwa uongo. Kulikuwa na msichana mmoja Embu, Igoki, aliyeacha kujibu barua zangu. Niliamini nikijua kuandika vizuri zaidi atajibu.

Wa mwisho alikuwa Marcella, fundi wa nguo pale sokoni, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. "Mimi nimekuja kupumzisha miguu," akasema. "Wiki nzima nakanyaga cherehani."

Tukacheka, naye akacheka kidogo.

Jumamosi ya pili akafungua daftari lake na kutusomea habari za msichana aitwaye Kendi, mwenye miaka sita. Hakukuwa na mengi. Kendi aliamka, akavaa sare mpya ya shule iliyomzidi kidogo, akateremka njia ya mibuni iliyolowa umande. Kwenye daraja la mto alisimama kutazama maji. Aliona uso wake umekatika vipande vipande, ukaungana tena, ukakatika tena. Akaupungia mkono, akaenda shule. Hadithi ikaishia hapo.

Ilikuwa kama mtoto amepita katikati yetu na kutuachia harufu ya sabuni.

Jumamosi iliyofuata Kendi alikuwa na miaka saba, akang'oka jino. Iliyofuata akawa na minane. Hivyo ndivyo alivyoendelea kukua, mwaka mmoja kila juma. Nilikuwa nikikaa ofisini kati ya mafaili ya mashamba ya watu, mvua ikipiga mabati, nikashtuka kugundua kwamba kwa muda mrefu sijaandika kitu. Nilikuwa nikimfikiria Kendi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja na alimwogopa bata wa jirani.

Sikuwa mimi peke yangu. Misheck alipoingia darasani hakusalimia mtu. Alimwendea Marcella moja kwa moja. "Huyo mtoto alipita mtihani ama hakupita?"

"Ngoja nisome," Marcella akajibu.

"Niambie tu alipita ama hapana. Sitalala."

Alikuwa amepita. Misheck akapiga meza kwa furaha, kana kwamba ni mjukuu wake.

Mwalimu Runji alisikiliza yote hayo akiwa amefumba macho. Lakini Kendi alipofika miaka kumi na minane bila kuumia wala kulia zaidi ya kilio cha jino, mwalimu aliweka chaki chini.

"Marcella, unaandika vizuri. Mimi mwenyewe nayaona maji ya huo mto. Lakini hadithi inahitaji tatizo. Huyu msichana hajapatwa na jambo lolote. Wiki ijayo mpe shida. Augue, kwa mfano. Homa kali, tusijue kama atapona."

"Hapana," Marcella akasema.

"Ni zoezi tu."

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

Marcella alifunga daftari, akaliweka ndani ya mfuko wake wa vitambaa. "Huyu hataugua mikononi mwangu," akasema. Kisha akainuka, akatoka. Tukamwona akiingia kwenye ukungu wa uwanja wa kanisa, na ukungu ukamfunika.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Halima alisoma mchezo wake wenye vifo vitatu na hakuna aliyeshtuka. Misheck alikosa hata swali la kuuliza. Mwalimu Runji aliandika kitu ubaoni, akakifuta, akatugeukia.

"Anaishi wapi?"

Misheck alipajua. Tukafunga ukumbi, tukateremka wanne kwa njia ya matope inayoelekea Mto Thingithu. Mvua ilikuwa imekatika na migomba ilidondosha matone. Nyumba ya Marcella ilikuwa ya mbao, na mlango ulikuwa wazi. Tulimkuta ameketi kwenye cherehani, akishona sare ya shule ya bluu.

"Karibuni," akasema bila kushangaa. "Ingieni, hapa pana baridi."

Alitupikia chai. Mwalimu alivua kofia. "Nimekuja kuomba msamaha, mama, ingawa sijui nimekosea wapi."

Marcella alizungusha kikombe mikononi. "Hukukosea. Ungejuaje?"

Kisha akatuambia. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka kumi na tisa, alijifungua mtoto wa kike katikati ya mvua kama hii. Mtoto aliishi siku nne. Wazee wa nyumba walimzika haraka, wakamwambia asilie sana kwa sababu bado ni kijana na atapata wengine. Hakupata. Mume akaenda kutafuta kazi, akaoa hukohuko alikokwenda. Mtoto hakuwa amepewa jina na mtu yeyote, kwa hiyo Marcella alimpa jina peke yake, kimoyomoyo, na kwa miaka thelathini hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Mpaka nilipolisoma mbele yenu," akasema.

Akaweka kikombe chini, akainyoosha ile sare ya bluu.

"Lakini alikua," akaendelea. "Kila Januari watu wananiletea kazi ya sare. Nikimpima mtoto wa darasa la kwanza, najua Kendi wangu yuko hapa." Aliweka kiganja hewani, usawa wa kiuno. "Mwaka unaofuata, hapa. Nilijua mabega yake. Nilijua mikono itakuwa mirefu kama ya mama yangu. Nikikanyaga mashine, namwona anapita pale mlangoni. Sasa ni miaka mingi tangu apite umri wa sare. Simpimi tena. Akaanza kufifia, nikimtafuta uso siupati. Ndiyo nikasikia kanisani kuna darasa la kuandika."

Mwalimu Runji aliinamisha kichwa. "Nami nilikuambia umfanye augue."

"Ulitaka hadithi iwe nzuri."

"Mimi sijaandika hadithi miaka kumi na moja," mwalimu akasema. "Tangu mke wangu afariki. Nakuja Nkubu kwa sababu nyumba yangu Jumamosi ina kimya kingi."

Sijui kwa nini, lakini nami nilijikuta nikiwaeleza kuhusu Igoki, jinsi nilivyokuwa nikimwandikia barua ndefu ambazo hakuziomba, na kwamba pengine kutojibu ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Nilipolisema kwa sauti niliona ni kweli, na kifua kikanipungua uzito. Misheck aliinuka, akaenda kwenye mlango uliokuwa na komeo bovu, akalitengeneza kwa kisu chake, polepole, akiwa ametugeuzia mgongo.

Tulipoaga, Halima alimshika mkono. "Uje Jumamosi, Mama Kendi," akasema.

Sokoni wanawake wa rika la Marcella waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye aliitwa Fundi. "Sema tena," akamwambia.

"Mama Kendi."

Jumamosi alikuja. Hakuketi. Alisimama mbele, alipozoea kusimama mwalimu, akafungua daftari. Alisoma habari za zile siku nne.

Siku ya kwanza mtoto alikuwa na nywele nyingi zilizolowa na ngumi mbili alizokataa kuzifungua. Siku ya pili alifungua moja na kushika kidole cha mama. Siku ya tatu mvua iliacha kunyesha kwa muda, jua likaingia kwa upenyo wa ukuta, likasogea juu ya blanketi mpaka likamfikia usoni, naye akakunja paji la uso kama mtu mzima anayesumbuliwa. Siku ya nne homa ilipanda asubuhi. Marcella alisoma hayo bila kuharakisha na bila kupunguza sauti. Alisoma jinsi ile pumzi ndogo ilivyokuwa ikienda na kurudi, ikaenda, naye akaendelea kuingoja hadi mchana. Mwisho alisoma jina zima: Kendi, mtoto wa Marcella.

Misheck alikuwa amesimama wima, kofia kifuani. Halima alilia waziwazi. Mwalimu Runji akampa Marcella kiti chake.

Hakutusomea tena habari za Kendi, nasi hatukuuliza. Jumamosi iliyofuata alikuja amefunga kitambaa kipya cha manjano, akasema ana hadithi ya jogoo wa jirani aliyetoroka siku ya kuchinjwa, akaingia kanisani katikati ya mahubiri na kupanda mimbarini. Kufikia pale padri alipoanza kubishana na jogoo, Misheck alikuwa ameweka kichwa juu ya dawati na mabega yakimtikisika, na Marcella mwenyewe alikuwa ameshindwa kuendelea kusoma, anafuta macho kwa ncha ya kile kitambaa, anatuomba tumngoje kidogo.